Aliyeshika Namba Sita

Juzi mmoja wenu alinionyesha simu yake huku anatabasamu. Alikuwa amewaandikia wenzake wa kundi kwamba siku hiyo amesikiliza watu kumi na wanne, hajala tangu asubuhi, na miguu imemvimba. Chini yake wenzake walikuwa wamempigia makofi, yale makofi ya kwenye simu, pamoja na mioyo myekundu na maneno ya "Mungu akubariki dada, wewe ni shujaa." Alitaka na mimi nimsifu. Nilimrudishia simu yake bila neno nikaenda kuanua dagaa wangu, maana ningefungua kinywa ningemtukana.

Sasa nimetulia. Kidogo tu. Ninawaandikia ninyi nyote mnaovaa kikwembe, kile kitenge cha kazi ya kusikiliza, hapa Kilibula, Uvira, na nitaandika kwa hasira, kwa sababu kwa upole nimeshasema miaka mingi na hamkusikia. Nyumba nzima imejaa wasikilizaji, na mtu mzima akisema neno hakuna wa kumsikiliza.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mama Sifa. Nimeuza dagaa maisha yangu yote, na miaka kumi na saba katika hiyo nilijitolea kwenye nyumba ya kusikiliza. Ni nyumba ya vyumba viwili na baraza lenye benchi refu. Mtu aliyelemewa anakuja, awe amefiwa, amekimbia vita huko uwandani, ziwa limemwingilia nyumbani, au mume amemgeuka. Anachukua kibao chenye namba, anangoja zamu, anaingia, anasema. Sisi hatuna dawa wala unga wa kugawa. Tuna masikio tu, na watu wakishaonja kusikilizwa wanarudi na ndugu zao.

Vile vibao nilivitengenezesha mimi. Seremala alikata vipande vya mbao za sanduku la samaki, akachoma namba kwa msumari wa moto, moja hadi ishirini. Sita aliiwekea mstari chini ili isichanganywe na tisa. Kila jioni nilivihesabu na kuvirudisha kwenye kopo la maziwa. Nilivitunza kuliko nilivyowatunza watu, na hilo mtaliona.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Ester, mzaliwa wa Kiringye, mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye ulimi wa pilipili. Wiki yangu ya kwanza nilimpokea mjane mmoja, nikalia kuliko yeye. Alipoondoka nikampa namba yangu ya simu na samaki wa chakula cha jioni. Kesho yake alikuja nyumbani kwangu. Keshokutwa akaja na dada yake. Ijumaa sebule yangu ilikuwa imejaa, mume wangu anakula bugali nje amekalia ndoo. Nikamweleza Mama Ester nikidhani atanionea huruma.

"Weye ulipeana namba yako ya simu?" aliniuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Basi upeane na bwana yako pia, bamalize yote."

Huo ndio ulikuwa mtindo wake wa kufundisha. Kwake siku moja ilikuwa watu wanne, basi. Wa tano alimwambia kwa heshima kabisa, "Mama, masikio yangu imeshajaa leo. Kesho asubuhi weye ndiyo wa kwanza," na kweli kesho asubuhi alikuwa wa kwanza. Mmoja tu ndiye hakungojeshwa kamwe, ni yule anayesema hataki kuishi tena. Huyo alishikwa mkono siku ile ile, akapelekwa kwa muganga wa hospitali na ndugu yake akaitwa, na walimpeleka wasikilizaji wawili, hakuna aliyekwenda peke yake. Hili mlishike hata mkiyasahau mengine yote.

Mlangoni aliweka beseni. Mnajua kwetu hakuna anayetoka mazishini akaingia nyumbani bila kunawa. Mama Ester alinawa baada ya kila mtu aliyemsikiliza, mpaka kwenye viwiko, taratibu, kisha anakunywa maji, anakaa kimya kidogo, ndipo anaita namba nyingine. Alisema kila anayeingia humo anazika kitu, na sisi ndio tunaoshika kamba za jeneza. Akishamaliza wanne wake alivua kikwembe, akakitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akaenda kwake kutwanga sombe, yale majani ya muhogo. Alitwanga kwa nguvu hata jirani wakasema mama huyu ana ugomvi na majani. Nilimuuliza kwa nini asinunue iliyokwisha kutwangwa. Alinijibu kwamba sombe haina kosa, lakini kuna mambo amesikia leo, na ni afadhali yatoke kwenye mikono kuliko yamtokee mume wake mezani.

Mimi nilimwona mvivu. Ninaliandika hili ili mnione nilivyokuwa. Nilikuwa na nguvu, nilikuwa na huruma, na nilikuwa mjinga, na hivyo vitatu vikikaa katika mwili mmoja ni hatari kuliko kipindupindu.

Nyonga zilipomshinda Mama Ester akabaki nyumbani, uongozi ukanijia mimi. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuondoa beseni. Nilisema linawaaibisha wageni, watadhani tunawaona wachafu. Cha pili, nikafuta sheria ya watu wanne, maana benchi lilikuwa limejaa waliokimbia kutoka uwandani, na nani angekuwa na moyo wa kuwaambia warudi kesho? Cha tatu nilinunua chaki. Nikaandika ubaoni majina ya wasikilizaji, na mbele ya kila jina idadi ya watu aliowapokea. Mwisho wa mwezi aliyewapita wenzake jina lake lilizungushiwa duara, na juu yake naandika "Nyota wa mwezi", na wote tunampigia makofi. Wageni wa mashirika walikuja na gari lao wakapiga picha ule ubao. Mchungaji aliutaja kanisani. Mimi nikavimba kichwa.

Cha nne ndicho kibaya kuliko vyote, nacho bado mnakifanya. Nilisema kikwembe chetu cha kijani chenye duara za njano kivaliwe popote, siku zote, ili watu watutambue. Basi tukavivaa sokoni, kanisani, kilioni, bombani. Siku moja nilikuwa kwenye foleni ya maji, mama mmoja akanishika mkono akaanza habari za mume wake, bidoni yangu ikajaa, ikafurika, ikamwagikia viatu vya watu, na mimi natikisa kichwa tu nasikiliza. Wenye foleni walinitukana. Nilikwenda nyumbani na bidoni yangu nikijiona mtakatifu.

Niulizeni leo. Muuguzi akitoka kazini anavua koti lake, na askari akifika kwake anavua kofia. Ni sisi tu wajinga tuliokubali kwenda na kazi mpaka chooni, halafu tukashangaa kwa nini hatupumziki.

Kulikuja pia mkufunzi na makaratasi makubwa ya kubandika ukutani. Alitufundisha siku mbili namna ya kujitunza. Vuteni pumzi kwa pua, toeni kwa mdomo. Kuleni matunda. Chukueni likizo. Mama mmoja aliuliza, likizo kutoka wapi kwenda wapi? Mkufunzi hakumjibu kwa sababu simu yake ilikuwa inalia, kama ilivyolia asubuhi yote, na macho yake yalikuwa mekundu kuliko yetu. Nilimhurumia. Lakini hakutuambia neno moja juu ya ubao wangu uliokuwa nyuma ya mgongo wake, na mimi nikauchukua ukimya wake kuwa sifa.

Sasa nifike kwa Feza. Amenipa ruhusa ya kuandika, na nimemsomea kila mstari unaomhusu.

Feza alitoka Bwegera kule uwandani, binti wa wakulima wa mpunga, akaolewa hapa Kilibula, akawa mjane kabla ya kuzaa. Alikuja kwetu kwanza kama mgeni, akasikilizwa na Mama Ester, na baada ya mwaka akaomba kujitolea. Alikuwa na kipaji. Mtu akiongea naye, Feza haharakishi neno, hamalizii mtu sentensi yake, hasemi "hata mimi yalinipata". Watu walianza kukataa wasikilizaji wengine wakisema wanamngoja yeye. Miezi mitatu mfululizo jina lake lilikuwa ndani ya duara.

Mimi nilikuwa namuona anakonda. Nilikuwa namuona anakaa na chakula mbele yake mpaka kinapoa. Akawa anachelewa kujibu akiitwa jina lake. Ninauza dagaa, ninajua jua. Dagaa akizidishiwa jua kwa nje anaonekana mzuri, amekauka, anang'aa, lakini ukimshika anavunjika mkononi. Nilijua hilo kwa dagaa na sikutaka kulijua kwa mtu.

Jumanne moja haikuwa zamu yake. Nilitoka chumbani nikiita namba, nikamkuta Feza ameketi kwenye benchi kati ya wageni, amevaa kikwembe. Alikuwa amekuja kukaa tu, nilivyodhani, na waliokuwa wanangoja wamekwisha kumgeukia kwa sababu ya kile kitambaa. Mzee upande wa kulia anamweleza habari za ng'ombe wake walioibiwa, mama upande wa kushoto anamvuta mkono na yeye asikilizwe. Feza mikono ameikunja mapajani, anatazama chini.

Alinyanyua macho aliponiona. "Mama Sifa," alisema, "minye leo niko nakuya ju ya..."

Sikumngoja amalize. Miaka yote hiyo ya kujiita msikilizaji na sikumngoja mtu amalize sentensi moja.

"Umefanya muzuri kukuya," nilimwambia. "Bantu iko mingi. Ingia chumba ya pili."

Alinitazama kidogo. Kisha akasema, "Sawa, Mama," akasimama, akaingia chumba cha pili, akasikiliza watu mpaka benchi likaisha.

Jioni ile nilihesabu vibao na sita haikuwamo. Nilikasirika sana. Nilimwaga kopo lote mezani, nikawauliza wasikilizaji mmoja mmoja, Feza akiwa amesimama pale pale ukutani, nikasema nyumba isiyoweza kutunza kipande cha ubao itatunza vipi siri za watu. Nikahubiri. Nikasema labda mtoto wa mgeni amekichukua kuchezea. Kesho yake nikaenda kwa seremala anichomee sita nyingine, naye akanitania kwamba mji mzima umepoteza nyumba kwa maji, Mama Sifa analilia kibao.

Wiki mbili baadaye nilisikia kicheko kutoka chumba cha pili. Mjane mmoja alikuwa amefika kwenye jambo baya kuliko yote katika habari yake, na Feza alicheka. Mjane alitoka mbio. Nilipoingia Feza alikuwa bado anacheka bila furaha, machozi yanamtoka, ameziba mdomo kwa mikono miwili na kicheko kinapita katikati ya vidole. Mnafikiri nilifanya nini? Nilimgombeza mbele ya benchi zima. Nilimwambia ameitia nyumba aibu. Alivua kikwembe, akakikunja vizuri mara nne, akakiweka kwenye benchi, akaondoka na kitenge chake cha ndani. Kabla wiki haijaisha tukasikia amerudi Bwegera kwa mama yake na haongei na mtu.

Maneno yakaanza. Amelogwa. Ana kiburi, sifa zimemlevya. Ameingiliwa na shetani kwa sababu alisikiliza mambo machafu bila kufunga na kuomba. Mimi nilichagua shetani, kwa kuwa yeye hawezi kuja kujitetea, nikaenda kwa Mama Ester nimweleze.

Alikuwa anachambua sombe. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo tu lingetosha kunipa aibu.

"Huyu mutoto nani alimukausha?" aliuliza.

"Mama, bantu banasema ni Shetani."

"Usiniambie Shetani. Shetani haina ubao na chaki."

Nilijaribu kujitetea. Nilisema watu walikuwa wengi, walikuwa wanateseka, ningefanyaje?

"Bantu ilikuwa mingi hata wakati yangu," alisema. "Minye niliogopa kuwaambia kesho, kila siku niliogopa. Lakini niliwaambia. Weye uliogopa aibu yako, ukalipa na mwili ya mutoto wa wenyewe. Wende Bwegera. Na usivae ile kitambaa."

Kwa mara ya kwanza hasira yangu iligeuka ikanitazama mimi. Mpaka leo haijageukia kwingine, na ndiyo maana mnaniona mkali. Si ninyi ninaowakasirikia zaidi.

Nilifika Bwegera mpunga ukiwa unaiva. Mwaka wowote wakati huo uwanda wote unapiga kelele, kwa sababu ndege wadogo wanashuka kwa makundi na usipowafukuza kutwa nzima utavuna majani matupu. Watu wanasimama matutani na makopo, na kombeo za udongo, wanapayuka. Mama yake Feza alinipokea kwa heshima na bila kunitazama usoni. Nilimuuliza hali ya binti yake.

"Haongeaka na muntu," alisema. "Ni ndege tu ndiyo anasemeshaka."

Nikamkuta tutani. Feza, mtu aliyekuwa anaongea polepole mpaka unainama kumsikia, alikuwa anawapigia ndege kelele kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo, mishipa ya shingo imesimama. Aliniona, akaacha kelele, akageuka upande wa pili akaendelea.

Nilikuwa nimekuja na hotuba. Njiani kutoka Uvira nilikuwa nimeipanga yote, pole zake, aya zake za Biblia, na maelezo ya kwa nini nilifanya vile nilivyofanya. Nilipoona ule mgongo hotuba ikaniisha. Nikaokota kopo na kijiti nikasimama tuta la jirani, nikaanza na mimi kuwafukuza ndege. Sikujua kazi hiyo. Nilirusha udongo ukanirudia mwenyewe. Siku ya kwanza haikuisha sauti yangu ikawa imekwisha, nikabaki napiga kopo tu. Jioni tulikula bugali tukaenda kulala. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nilirusha udongo ukampata mbuzi wa watu, mbuzi akakimbia na kamba na kigingi chake, na nikasikia nyuma yangu kitu kidogo, pumzi ya mtu aliyetaka kucheka akakumbuka.

Baada ya hapo alikuja akakaa tutani pangu. Alifungua fundo la ncha ya kitenge chake, pale wanawake tunapofungia vitu vya thamani, akatoa kipande cha ubao akakiweka kwenye udongo kati yetu. Kilikuwa na namba sita, na mstari chini.

"Minye ndiyo nilikuwa sita," alisema. "Ile siku. Nilichukua namba kama bantu bote. Nikangojea."

Alikuwa amekuja kusikilizwa. Alitembea kutoka kwake, akachukua namba kwenye kopo langu, akakaa kwenye benchi langu, akavumilia ng'ombe za yule mzee, akangoja mimi niite sita. Kikwembe alikivaa kwa sababu nilikuwa nimesema kivaliwe siku zote. Na jioni alisimama ukutani nikihubiri juu ya kibao kilichopotea, na kibao kimefungwa kwenye kitenge chake, kiunoni, hatua tatu kutoka kwangu.

Nilitaka kuanguka miguuni pake. Nilitaka kulia, kuomba msamaha, kumweleza. Nikajizuia, kwa sababu hata msamaha wangu siku ile ungekuwa namna nyingine ya kumwambia ingia chumba cha pili, kanisikilize. Pole yangu ilingoja mpaka kesho yake. Nilisogea kidogo tu ili jua lisimpige machoni.

"Sita," nilimwambia. "Niko nasikia."

Akaanza. Aliyoniambia sitayaandika hapa wala popote, ni yake. Aliongea kwanza kwa vipande, kisha maneno yakashikana. Ndege walishuka. Nilikuwa nawaona kwa pembe ya jicho wakishuka kwa mamia kwenye mpunga wa mama yake, na mpunga ule ndio chakula chao cha mwaka, na sikunyanyua kopo.

Mama yake aliona kutoka nyumbani. Alikuja anakimbia juu ya matuta, kitenge amekishika mkononi.

"Ndege inamaliza mupunga," alipayuka. "Munafanya nini huko?"

Halafu akafika karibu, akasikia sauti ya binti yake. Alisimama. Aliinama akachukua kopo langu na kijiti, akazunguka kwa mbali asitupite karibu, akaenda upande wa pili wa shamba, na mpaka jua likaanza kushuka tukawa tunamsikia huko, yeye peke yake na umri wake, anawapigia ndege kelele ili Feza amalize.

Feza hakurudi kazini. Msitegemee niwaambie amerudi na sasa ni kiongozi. Analima mpunga, ameolewa tena, anaongea na watu, na ukimuuliza kuhusu kazi yetu anasema alitoa masikio yake yote na sasa amebaki na ya kutosha nyumba yake tu. Alitaka kunirudishia kile kibao. Nilikataa. Mwenye deni la kurudisha nilikuwa mimi, si yeye.

Niliporudi Uvira nilifuta ubao. Beseni likarudi mlangoni. Watu wanne kwa siku, na kikwembe kinavaliwa mlangoni na kuvuliwa mlangoni, kinalala kwenye msumari wake. Mkitoka mnatoka wawili wawili, na njiani mnaongea habari za bei ya samaki mukeke na harusi za watu, hamwongei ya chumbani. Kula kabla hujaja, kwa sababu tumbo tupu linalia pamoja na mgeni na huwezi kujua nani anamlilia nani. Na kila Alhamisi asubuhi mlango wa wageni umefungwa, vibao mnachukua ninyi. Mnakaa kwenye benchi lile lile, mnangoja kama wao, mnaitwa, mnasema. Ile sita ya pili, ya seremala, haipewi mgeni. Ni ya Alhamisi.

Nilistaafu nikidhani nimeacha nyumba salama. Sasa nasikia Alhamisi imeliwa, kwa sababu watu ni wengi. Nasikia vikwembe vimeonekana sokoni. Nasikia ubao hakuna, lakini kuna simu, na kwenye simu mnahesabiana watu na kupigiana makofi, na anayekwenda nyumbani saa tisa anaulizwa kama hana moyo. Mmeuchukua ubao wangu mkautia mfukoni. Angalau wa kwangu ulikuwa unabaki ukutani usiku.

Kwa hiyo wewe, binti wa watu kumi na wanne. Nilikurudishia simu yako bila neno, na hilo pia lilikuwa kosa, kwa maana sikukuuliza kwa nini miguu imevimba na kwa nini huli. Kesho ni Alhamisi. Nimeshaomba ufunguo. Nitakuwa chumba cha pili tangu asubuhi, sina kikwembe, nimekula, nimenawa. Kibao nimekitoa kwenye kopo na kukiweka kwenye benchi, kile chenye mstari chini. Njoo ukichukue, ukae, ungoje kidogo, na safari hii nitaita.